Jagi la wati 2000 lina ukinzani mdogo kuliko pasi, na mengine tunayoyakosea kwenye umeme

Hili la kwanza nalisikia mpaka kwa watu wanaojua kushika bisibisi: ati kifaa chenye wati nyingi ndo chenye ukinzani mkubwa kwa sababu kinavuta sana. Ni kinyume kabisa. Chukua jagi la umeme, ligeuze usome kitakoni, utakuta wati 2000 hivi. Umeme wa nyumbani ni volti 230, kwahiyo 2000 gawa kwa 230 unapata ampea 8.7, af 230 gawa kwa hizo 8.7 unapata ohm 26 na kitu, ndo ukinzani wake. Sasa fanya hivohivo kwa pasi ya wati 1000, zinakuja ampea 4.35 na ohm 53 karibu. Yani pasi yenye nusu ya wati ndo ina ukinzani mara mbili, kwa sababu ukinzani ni kizuizi, kikiwa kidogo umeme unapita mwingi na ukipita mwingi ndo wati zinapanda.

Najua kosa linatoka wapi. Shuleni tulipewa pia ile kanuni ya kutafuta wati, ampea mara ampea mara ukinzani, mtu akiiona anasema si hii hapa, ukinzani ukikua wati zinakua. Ni kweli, ila mpaka ampea zisibadilike, na nyumbani kisichobadilika ni volti, ampea zinafuata kifaa ulichochomeka.

Ila kuna mahali kanuni hiyo inakaa sawasawa: waya wa ekstensheni. Wengi wanaamini waya haufanyi kitu, unapitisha tu umeme. Nilienda kwa shangazi nikakuta jagi na pasi vimechomekwa ekstensheni moja, waya mwembamba wa mita 10 umeviringwa chini ya kochi, nikaushika, plastiki yake imelainika na ina joto kabisa. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75 kwa urefu huo, kwenda na kurudi, una kama nusu ohm, ni ndogo mno lakini hesabu: jagi peke yake, 8.7 mara 8.7 mara 0.5, ni wati 38 zinageuka joto ndani ya waya. Ongeza pasi, ampea zinafika 13, joto linakuwa wati 85. Ampea zimeongezeka nusu tu, joto limezidi mara mbili, halafu waya umeviringwa na umefunikwa, joto halina pa kutokea. Na fyuzi ya ampea 13 kwenye plagi haikatiki hapo, maana kwa hesabu yake bado mambo ni sawa. Shangazi nilimwambia jagi lichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, na waya ukunjuliwe wote.

Kuhusu chaja nitasema kwa kifupi, kwamba chaja ya ampea 3 haiunguzi simu inayotaka ampea 1. Hizo 3 ni uwezo wake, simu inachukua inachotaka. Cha kuangalia ni volti zikubaliane.

Kingine ni umeme ukija mdogo jioni. Watu wanadhani volti zikipungua kidogo na wati zinapungua kidogo vilevile. Tuseme zimeshuka mpaka 180. Jagi letu la ohm 26 sasa linapata ampea 6.8, na 180 mara 6.8 ni wati 1225 hivi, volti zimepungua kama moja kwa tano lakini wati zimeondoka karibu mbili kwa tano, maana volti zimeshuka na ampea zimeshuka nazo. Lita moja ya maji iliyokuwa inachemka ndani ya dakika tatu sasa inaingia ya tano. Na si kweli kwamba hapo jagi linakula uniti nyingi zaidi, maji yanataka joto lilelile, kinachoongezeka ni kile kidogo kinachopotea hewani kwa kuchelewa.

Balbu za zamani zile za waya ndani zimewachanganya wengi. Ya wati 60 kwa hesabu ina ohm 880 hivi, lakini ukiipima na mita ikiwa imezimwa haifiki hata 100, mtu anasema mita mbovu. Mita ni nzima. Ule waya wa ndani ukiwaka unafika nyuzi zaidi ya 2000 na ukinzani wake unapanda mara kumi na zaidi, kwahiyo ukichukua kipimo cha baridi ukapigia hesabu utapata balbu ya wati mia tano na kuendelea, wakati hiyo yako ni ya 60. Ndo maana pia balbu hizo hupenda kuungua pale pale unapowasha, zikiwa bado baridi zinavuta ampea nyingi kwa ghafla. Jagi halina shida hiyo, lichomoe, lipime, utapata 26 au karibu.

Friji usilipigie hesabu hizi. Ni mota, volti mara ampea zake inazidi wati halisi, na umeme ukiwa mdogo linaweza kuvuta ampea nyingi zaidi, tofauti na jagi. Kama unataka kujua linakula kiasi gani, usiku zima vingine vyote, andika uniti zilizobaki kwenye mita ya LUKU, asubuhi angalia tena, toa, gawa kwa masaa.