Ugavi na mahitaji katika soko la farasi wa mbio

Kanuni ya ugavi na mahitaji kila mtu aliyewahi kwenda sokoni anaijua: mali ikiadimika na wanunuzi wakawa wengi, bei hupanda, ikifurika, bei hushuka. Farasi wa mbio wa damu ya Thoroughbred nao wamo ndani ya kanuni hiyo. Ila kwao ugavi hutembea polepole mno, na mahitaji yanaweza kugeuka kwa msimu mmoja.

Farasi jike hubeba mimba takriban miezi 11, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Uhimilishaji, ambao wafugaji wa ng'ombe wameuzoea, hapa ni marufuku: mtoto asiyetokana na dume kumpanda jike mwenyewe haandikishwi katika daftari la ukoo, na asiyeandikishwa hana nafasi katika mbio hizo. Mkulima wa nyanya akiona bei imepaa, baada ya miezi michache naye yuko sokoni na matenga yake. Mfugaji wa Kentucky, jimbo la Marekani, anayempandisha jike wake Aprili 2025 atapata mtoto 2026, atampeleka mnadani 2027, na mtoto huyo huenda akaingia mbioni 2028. Bei inayomshawishi mfugaji ni ya leo, atakayouzia haijulikani.

Miaka ya 1980 ilionyesha hatari ya pengo hilo. Matajiri waligombea watoto wa Northern Dancer, dume ambaye ada ya kumpandisha mara moja ilifikia dola milioni 1, tena bila dhamana kwamba jike atashika mimba. Julai 1985, katika mnada wa Keeneland mjini Lexington, farasi wa mwaka mmoja aliyekuja kuitwa Seattle Dancer aliuzwa dola milioni 13.1. Nani asingetaka kufuga? Majike waliopandishwa mwaka huo walizaa 1986, na watoto wa Amerika Kaskazini wakazidi 51,000, kilele ambacho hakijafikiwa tena. Lakini mwaka huohuo wa 1986 Marekani ilibadili sheria ya kodi. Daktari au wakili aliyekuwa akiweka fedha kwenye farasi bila kuwasimamia hakuweza tena kutumia hasara yao kupunguza kodi ya mapato yake mengine kama alivyozoea. Wanunuzi wa namna hiyo wakapungua. Watoto walikuwa wameshazaliwa, na huwezi kumrudisha farasi tumboni. Soko likaporomoka, na ilichukua miaka kwa idadi ya watoto kushuka hadi karibu 35,000 katikati ya miaka ya 1990.

Mahitaji nayo ni ya ajabu, kwa sababu farasi wa mwaka mmoja hajawahi kukimbia. Kinachonunuliwa ni nasaba, umbo na tamaa ya kuja kupata dume la mbegu, maana fedha nyingi ziko kwenye ada za kupandisha kuliko kwenye zawadi za mbio. Huko juu kabisa bei huhitaji watu wawili tu wenye ukaidi sawa. Mwaka 1983 kundi la Robert Sangster, tajiri Mwingereza mwenye farasi, lilishindana na Sheikh Mohammed wa Dubai kwa farasi mmoja. Sheikh akashinda kwa dola milioni 10.2. Farasi huyo, Snaafi Dancer, hakukimbia hata mara moja, na alipopelekwa kupanda akaonekana ana tatizo la uzazi.

Upande wa madume, ugavi umepanuka sana. Zamani dume maarufu alipanda majike 40 hivi kwa mwaka. Sasa wapo wanaozidi 200, na wengine husafirishwa kwa ndege hadi Australia kufanya msimu wa pili. Mwenye dume huvuna ada nyingi, lakini anayebeba mzigo ni mwenye jike, kwa kuwa mnadani mtoto wake atakuta ndugu wengi wa baba mmoja. Mwaka 2020 Jockey Club ya Marekani, chombo kinachotunza daftari la ukoo, ilitangaza kikomo cha majike 140 kwa kila dume aliyezaliwa kuanzia mwaka huo, ikitaja hofu ya damu kukaribiana mno. Mashamba makubwa yakaenda mahakamani, na kikomo kikafutwa Februari 2022. Hoja ya damu ni nzito, lakini kikomo kama hicho pia ni kupunguza ugavi, na wenye madume waliliona hilo mara moja.

Leo watoto wanaoandikishwa Amerika Kaskazini kwa mwaka hawafiki 20,000. Hata hivyo mnada wa Keeneland wa Septemba 2022 uliingiza zaidi ya dola milioni 400, kuvunja rekodi yake ya 2006. Fedha hizo huelekea kwa watoto wa madume wachache wanaotamaniwa. Wengi waliobaki huuzwa kwa bei isiyorudisha hata ada ya kupandisha.