Je, wajua kwa nini mlingoti mwingine unafungwa risasi chini?

Mara ya kwanza kuona mchoro wa mlingoti wa mbao wenye bonge la risasi kisiginoni (risasi madini, ile ya kwenye chubwi na betri za gari) nikasema papo hapo, aa hii farumi. Nikamweleza na mwenzangu kwa kujiamini kabisa kwamba uzito ule unazuia boti isipinduke upepo ukizidi. Kumbe nilikosea, tena sio kidogo.

Kosa lenyewe linaeleweka lakini. Sisi wa pwani tukisikia uzito kwenye chombo cha tanga tunawaza farumi tu, mawe chini ya jahazi au vile viroba vya mchanga ambavyo mabaharia wa Lamu wanavihamisha kwenda upande wa upepo mashua ikilala. Na mlingoti wa jahazi umesimama kwenye mastamu (kikalio chake) juu ya mkuku, ule mti mkuu wa chini ya chombo, hauendi popote, sa uzito chini yake utakuwa wa nini kama sio kutuliza chombo?

Jibu liko Norfolk, mashariki ya Uingereza. Huko mito ina madaraja ya chini, la mawe la Potter Heigham limebaki tangu zama za kati na tao lake liko kama mita 2 tu juu ya maji. Mashua za mizigo za huko, wherry, zilikuwa na tanga moja jeusi na mlingoti mmoja mkubwa mno, na mara nyingi mabaharia wawili tu. Wakikaribia daraja wanashusha tanga, wanalaza mlingoti, chombo kinateleza chini ya tao kwa mwendo uleule kiliokuwa nao, kisha wanausimamisha tena. Kisiginoni kulikuwa na zaidi ya tani moja ya risasi au chuma, ya kusawazisha mlingoti ili watu wawili tu wauweze kuulaza na kuusimamisha. Sasa kama ingekuwa farumi, chombo kinachobeba karibu tani 40 za mzigo kingehangaika nayo ya nini? Kwa kweli inatuliza kidogo, siwezi kukataa, ila hiyo ni bahasha tu juu ya mshahara.

Fikiria lile geti la mti barabarani pale wanapokagua mkaa na mbao. Mti mrefu, pini kwenye nguzo, na upande mfupi kuna ndoo iliyojazwa zege. Mlinzi anafungua kwa mkono mmoja huku anakula muhindi. Mlingoti ule ni geti hilohilo limesimamishwa wima, pini iko juu ya deki kati ya nguzo mbili, na kamba ya mbele ndiyo mkono wa mlinzi. Haulinganishi kilo kwa kilo, unalinganisha kilo mara umbali kutoka kwenye pini, ndo maana ndoo ndogo inanyanyua mti mrefu.

Na hapa ndo wanaojitengenezea kaboti nyumbani wanashtuka. Chukua mlingoti wa mita 5, kilo 10, unene uleule juu mpaka chini, pini sentimita 60 kutoka kisiginoni. Kitovu cha uzito kiko mita 1.9 juu ya pini, 10 mara 1.9 ni 19. Ukifunga uzito nusu mita chini ya pini unahitaji kilo 38! Karibu mara nne ya mlingoti wenyewe, wakati kilo 10 unainyanyua kwa mikono tu. Pandisha pini ifike mita moja, uzito ukae sentimita 90 chini yake, inashuka mpaka kama 17. Mlingoti uliochongwa mwembamba juu utataka pungufu zaidi, ila hapo pima mwenyewe, uulaze juu ya kamba utafute unapobalansi. Na usisawazishe kabisa, juu pabaki pazito kidogo ili ukilegeza kamba ushuke wenyewe.

Alafu acha uwazi kwenye deki mbele ya mlingoti. Mlingoti ukilala nyuma kisigino kinapanda mbele, wherry zilikuwa na mfuniko wa kufungua hapo, na hizo kilo 38 zikija juu usiwe umekaa hapo na chai.