Akiacha Kutetemeka, Usifurahi: Huduma ya Kwanza kwa Aliyepigwa na Baridi Kali

Wengi hudhani baridi haiui mpaka pawe na barafu. Sivyo. Mvua na upepo kwenye nyuzi joto 10 vinatosha kumuua mtu aliyelowa na kuchoka, kwa kuwa maji hunyonya joto la mwili takriban mara 25 zaidi kuliko hewa.

Joto la kawaida la mwili ni kama nyuzi 37 za Sentigredi. Likishuka chini ya 35, hiyo ni haipothemia. Mwanzoni mtu hutetemeka sana, vidole vinakuwa vizito, hata kufunga zipu kunamshinda. Kisha anajikwaa, ulimi unakuwa mzito, anakasirika ovyo. Kinachotutisha zaidi ni pale anapoacha kutetemeka ilhali bado yuko kwenye baridi. Wenzake hudhani amezoea, kumbe mwili umeishiwa nguvu za kujipasha moto. Wapo hata wanaovua nguo wakisema wanasikia joto! Ukimuuliza atajibu yuko sawa. Usimsikilize, ubongo wake nao umepoa. Mtazame anavyotembea.

Mkinge na upepo, mvue nguo zilizolowa, mfunike kwa nguo kavu mpaka kichwani. Mtandikie kitu kinene chini, jambo ambalo wengi husahau. Chupa za maji ya moto zifungie kitambaa, uziweke kifuani na kwapani; mikono na miguu itasubiri. Kama ana akili timamu na anameza vizuri, mpe kinywaji cha moto chenye sukari. Pombe hapana: hutanua mishipa ya damu ya ngozi, mtu akahisi joto huku akilipoteza. Aliyezidiwa asitembezwe, abebwe akiwa amelala, taratibu mno, maana mtikisiko unaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Ita msaada wa dharura mapema.

Nyama za mwili zikiganda, mara nyingi huanzia vidoleni, puani na masikioni. Mafunzo mengi husema ngozi huwa nyeupe, lakini kwenye ngozi nyeusi rangi hiyo ni rahisi kuikosa. Basi gusa: ni ngumu, ya baridi, na mwenyewe hahisi kidole chako. Usisugue, wala usimsogeze motoni, kwani ataungua bila kujua. Loweka kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39 kwa karibu nusu saa. Yatakuja maumivu makali. Ila kama huenda kiungo kikaganda tena njiani, usikiyeyushe, maana kuganda mara ya pili huharibu zaidi.

Aliyepoa sana anaweza kuonekana maiti. Chunguza pumzi na mapigo kwa dakika nzima. Usipoyapata, anza kukandamiza kifua na kumpulizia pumzi. Mwaka 1999 nchini Norway, daktari Anna Bågenholm alinaswa chini ya barafu kwa dakika 80, joto la mwili wake likashuka hadi nyuzi 13.7. Madaktari wa hospitali hawakukubali kumtangaza amekufa kabla hawajampasha joto, na alipona.