Paneli ni orodha ya majina

Kila takwimu mpya za umaskini zinapotangazwa Kampala, hakukosekani mtu wa kusema kwamba "utafiti wa muda mrefu" umeonyesha ni familia ngapi zimetoka kwenye umaskini na ngapi zimerudi. Utafiti anaoukusudia huwa ni ule wa kitaifa wa kaya wa Shirika la Takwimu la Uganda, UBOS, unaojulikana kwa herufi UNHS. Ni utafiti mzuri, na mfululizo wa tarakimu za umaskini unaanzia 1992/93. Ila haufuati familia. Kwa kawaida kila awamu huchagua sampuli yake upya, na kaya iliyohojiwa wilayani Kumi mwaka 2012/13 si ile iliyohojiwa wilayani humo mwaka 2016/17, hata kama milango yao inatazamana. Kuuita utafiti wa paneli kwa kuwa una miaka mingi ni kosa, na kosa lenyewe hugeuza maana ya tarakimu.

Utafiti wa paneli ni ule unaorudi kwa watu walewale, zaidi ya mara moja, na kuwauliza maswali yaleyale. Miaka kumi si sharti. Ukimhoji mama mmoja Machi na ukamrudia Septemba, tayari una paneli. Ukiwahoji watu tofauti kila mwaka kwa miaka thelathini, huna.

Asili ya neno inasaidia sana hapa, kwa hiyo tusiikimbie. Kwa wengi wetu paneli ni ile ya sola iliyo juu ya bati, au kipande cha ubao mlangoni, na hao hawajakosea. Mzizi ni Kilatini, pannus, yaani kipande cha nguo. Kifaransa cha kale kikalifanya panel, kipande tu cha kitu. Uingereza ya enzi za kati ikalichukua kwa kipande cha ngozi ya kuandikia, hasa kile ambacho afisa wa mahakama aliandika majina ya raia walioitwa kusikiliza kesi na kutoa uamuzi. Jina la ngozi likahamia kwenye orodha, kisha likahamia kwa watu wenyewe. Ndiyo maana hata leo tunasema "paneli ya wataalamu". Watafiti wa jamii walipolichukua walibaki na maana hiyohiyo: majina yameandikwa, na aliyeandikwa ndiye atakayeitwa tena. Hakuna muda ndani ya neno hili. Kuna orodha.

Uganda inayo orodha kama hiyo. Ni Utafiti wa Kitaifa wa Paneli, UNPS, ambao UBOS iliuanza 2009/10 kwa kushirikiana na Benki ya Dunia. Haukuanza kutoka sifuri. Kati ya kaya 7,426 zilizohojiwa na UNHS ya 2005/06, zilichukuliwa 3,123 kutoka maeneo 322 ya kuhesabia, yaani vipande vidogo vya sensa, zikawa ndizo za kurudiwa. Labda mchanganyiko wote unatokana na hapo, kwa sababu tafiti mbili zenye herufi karibu sawa, za shirika moja, zinachangia kaya za mwanzo. Lakini moja iliziacha na nyingine ikarudi kuzibishia hodi.

Sasa tazama tofauti hiyo inafanya nini kwenye umaskini. UNHS ilionyesha asilimia 19.7 ya watu walikuwa maskini mwaka 2012/13, asilimia 21.4 mwaka 2016/17 na asilimia 20.3 mwaka 2019/20. Mtu husikia tarakimu hizo akahitimisha kwamba kuna watu walewale, karibu moja ya tano, waliokwama, na kwamba kati ya 2012/13 na 2016/17 ni watu wachache tu walioanguka. Tarakimu hizo hazisemi hivyo wala hazikanushi. Chukua kijiji cha kaya 100. Mwaka wa kwanza 20 ni maskini, mwaka wa nne 20 ni maskini. Huenda ni 20 zilezile, na hapo kijiji kinahitaji ardhi, matibabu, elimu, mambo yanayochukua muda. Huenda 15 kati ya zile za kwanza zimeinuka na nyingine 15 zimeporomoka kwa ukame, ugonjwa au kufiwa, na hapo kijiji kinahitaji kinga ya kuzuia watu wasianguke. Sera mbili tofauti kabisa, na asilimia ni moja. UNHS haiwezi kukuambia uko kwenye kijiji kipi. Paneli inaweza, na hiyo ndiyo kazi iliyoundiwa.

Neno la pili linaloharibiwa ni kaya. Pwani ya Kenya, kwa Wamijikenda, kaya ni makazi ya kale yaliyozungukwa na msitu, na misitu hiyo mitakatifu imo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2008. Katika takwimu kaya ni kitu kidogo zaidi: watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja, wawe ndugu au wasiwe. Mtumishi anayelala na kula hapo ni wa kaya. Mwana aliyeko Dubai akituma pesa kila mwezi ni wa familia, si wa kaya. Kanuni ya kawaida ni kuwepo angalau miezi sita kati ya kumi na miwili iliyopita, isipokuwa kwa mkuu wa kaya, mtoto mchanga na yeyote aliyeolewa karibuni, ambao huhesabiwa hata kama hawajafikisha. Mzee mwenye wake wawili, kila mmoja na jiko lake na shamba lake, ana kaya mbili, naye huandikwa katika moja tu. Akiandikwa kote kuwili, taifa limeongezewa mwanaume asiyekuwepo.

Tafsiri ya swali ndiyo huamua mengi uwanjani. Mdadisi akiuliza kwa Kiganda kuhusu amaka, mwenyeji anaweza kuhesabu hata watoto walio bweni na yule aliyeolewa Mbarara. Kwa Kiacholi, ukisema gang umefungua boma lote, na ukisema ot umetaja nyumba moja. Kwa hiyo mdadisi aliyefunzwa haulizi "familia yako ni akina nani". Anauliza nani amelala hapa, nani amekula hapa, tangu lini, na amekuwa mbali miezi mingapi. Anarudia hayo kwa kila jina.

Katika paneli ugumu unazidi, kwa sababu kaya si kitu cha kudumu. Watu hudumu, kaya huvunjika, huungana, huzaa nyingine. Baba akifa, mjane akarudi kwao na watoto wawili, kijana mkubwa akabaki na shamba, na binti akaenda kupanga muzigo, chumba kimoja cha kukodi, huko Bwaise, Kampala, kaya ya mwanzo iko wapi? Lazima kanuni iandikwe kabla ya kwenda uwanjani. UNPS iliamua hivi: kaya nzima ikihama, ifuatwe ilikohamia ndani ya nchi, na katika kila eneo la kuhesabia zichaguliwe kaya mbili kwa bahati nasibu, ambazo hata wanaochomoka mmoja mmoja watafuatwa. Kumfuata kila anayechomoka kungekuwa bora, lakini gharama hupanda haraka mno. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani, unaoendelea tangu 1968, ulichagua njia ndefu: mtoto wa kaya ya mwanzo akianza maisha yake, kaya yake mpya nayo inaingia kwenye orodha.

Anayedhani kufuata wanaohama ni anasa aangalie ng'ambo ya Mutukula. Mkoani Kagera, Tanzania, kaya zaidi ya 900 zilihojiwa kati ya 1991 na 1994. Watafiti waliporudi 2004 waliwatafuta watu wote wa kaya hizo popote walipo, hata waliovuka kuja Uganda. Walipata angalau mtu mmoja katika asilimia 93 ya kaya za mwanzo, nazo sasa zilikuwa zimezaa kaya zaidi ya 2,700. Walipolinganisha watu waliotoka kaya moja, matumizi ya waliohama yalikuwa yamekua kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya ya waliobaki. Laiti wangewahoji waliobaki kijijini peke yao, wangeripoti kwamba umaskini umepungua kidogo tu, na wangekosea vibaya.

Kupotea kwa watu ndiyo maradhi ya kila paneli. Ukipoteza asilimia 5 katika kila raundi, baada ya raundi tano umebaki na 77 kati ya 100. Ukipoteza asilimia 10, umebaki na 59. Idadi si tatizo kubwa kuliko yote. Tatizo ni kwamba wanaopotea wanafanana: vijana, wasio na ndoa, wapangaji wa mjini, wanaobadili laini za simu. Hapo uzito wa takwimu hurekebishwa ili waliobaki wawasemee waliofanana nao, lakini hakuna uzito unaoweza kumsemea mtu ambaye hafanani na yeyote aliyebaki. Orodha nayo huzeeka. Kaya zilizoundwa baada ya uchaguzi wa kwanza hazimo, na ndiyo sababu UNPS ya 2013/14 iliondoa theluthi moja ya sampuli ya mwanzo na kuingiza mpya. Huko kuitengeneza orodha upya si kuivunja paneli, maana theluthi mbili bado ni walewale.

Kinga yenyewe ni ya kawaida na huanza siku ya kwanza. Andika simu tatu, si moja: ya mkuu wa kaya, ya mwenzi wake, na ya ndugu anayeishi kwingine ambaye atajua walikokwenda. Andika jina la mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, chukua majira-nukta ya nyumba kwa GPS, na andika jina la utani, kwa sababu kijijini ndilo linalojulikana. Jina la kitabuni pekee halitoshi Buganda, ambako kila nyumba yenye mapacha ina Wasswa na Kato au Babirye na Nakato, na ndugu wa baba mmoja hawana lazima ya kuchangia jina la pili. Mtu mmoja anaweza kuwa "Nakato Rose" raundi ya kwanza na "Rose" tu raundi ya pili. Kompyuta ikimpa namba mpya, utafiti umeua mtu mmoja na kuzaa mwingine. Kwa hiyo orodha ya zamani hupakiwa kwenye tableti kabla ya safari, na kila jina huhakikiwa kwa jinsia, umri na uhusiano na mkuu wa kaya. Aliyekuwa na miaka 30 mwaka 2010 akisema ana 30 mwaka 2013, usimkatalie. Umri hupenda kutua kwenye 0 na 5. Akiwa mwanamke leo na mwanaume awali, simama hapo mpaka ujue umekaa mbele ya nani.

"Maswali yaleyale" nako kuna mitego. UNPS huitembelea kaya mara mbili kwa mwaka, kwa tofauti ya miezi sita hivi, kwa kuwa sehemu kubwa ya nchi ina misimu miwili ya kilimo. Ukienda mara moja, mkulima atakuchanganyia maharage ya Juni na ya Desemba. Chakula huulizwa kwa siku 7 zilizopita, sabuni na nauli kwa siku 30, vitu kama nguo na samani kwa siku 365. Ukibadili siku 7 kuwa 14 katika raundi inayofuata, matumizi yataonekana yamebadilika ilhali sahani ni ileile. Fungu la nyanya, kopo la Kimbo na mkungu wa matoke lazima vipimwe kwa kilo sokoni, kwa maana mkungu mkubwa wa Bushenyi haulingani na unaoitwa mkubwa Mbale.

Kwenye kazi mtego uko kwenye tafsiri ya neno lenyewe. Mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi uliokaa Geneva mwaka 2013 uliamua kwamba anayelima hasa kwa chakula chake mwenyewe anafanya kazi lakini hahesabiwi kuwa na ajira. Kwa nchi ya wakulima hilo ni badiliko kubwa. Mama yuleyule, jembe lilelile, nusu ekari ileile: kwa kanuni ya zamani ana ajira, kwa mpya hana. Asiyesoma maelezo ya hojaji ataandika kwamba amepoteza kazi.

Inafaa pia kutenganisha paneli na kohoti za afya tunazozijua, yaani makundi ya wakazi yanayofuatiliwa kwa miaka, kama ya Kyamulibwa iliyoanza 1989 na ya Rakai iliyoanza 1994. Hizo nazo huwarudia watu, na mengi tunayojua kuhusu kuenea kwa virusi vya UKIMWI vijijini yametoka huko. Lakini msingi wake ni mahali. Kwa kawaida anayehamia kijijini huingia na anayehama hutoka, wakati paneli ya kaya humfuata mtu na kukiacha kijiji.

Basi ukiwa na tarakimu za UNHS mkononi, sema "sehemu ya watu walio maskini imepanda kutoka asilimia 19.7 hadi 21.4", nawe utakuwa umesema kweli tupu. Ukitaka kusema "familia hizi zimeanguka" au "mama huyu ameinuka", fungua UNPS, na kabla ya kusema angalia ni wangapi kati ya walioandikwa mwanzo walipatikana tena.