TypeError haikwambii fanksheni inataka hoja ngapi

Jamani, basi! Kila kijana anayeniletea msimbo nimpitilie, awe wa Wete au wa Mwanakwerekwe, anakuja na hili hili: fanksheni ya mtumiaji iite kwa hoja mbili (yaani vitu viwili unavyoipa ifanyie kazi), ikitoa TypeError, kosa la Python la aina au idadi ya hoja kutofaa, iite kwa moja. Eti ndiyo Python yenyewe inavyotaka. Siyo, na hasara yake ni pesa za watu.

Chukua programu ya kupokelea karafuu. Kila kituo kinaleta fanksheni yake ya bei: huyu kaandika bei(kilo), mwengine bei(kilo, daraja=3). Ndani ya hii ya pili mna BEI[daraja - 1] * kilo, BEI ikiwa orodha ya bei za madaraja. Karani kaingiza daraja kama maandishi, "1" badala ya 1. Kutoa namba kwenye maandishi ni TypeError. Hoja zilikuwa mbili kama zinavyotakiwa; kilichoharibika kimo ndani! Except yako, ile sehemu inayokamata kosa, haitambui hilo, inaita tena kwa kilo peke yake, daraja linakuwa 3, na risiti inatoka safi. Mkulima kaleta karafuu ya daraja la kwanza, kalipwa ya la tatu. Na kama fanksheni ilishaandika kitu kwenye hifadhidata kabla ya kuanguka, sasa kimeandikwa mara mbili.

Wengine wananambia, basi tuhesabu paramita, yaani nafasi za hoja zilizotajwa kwenye fanksheni. Afadhali, lakini kuhesabu kwa nini? inspect.signature, inayozisoma paramita hizo, ipo tangu Python 3.3. Ipe hoja za mfano kwa bind yake: inapima kama zinaingia bila ya kuiita fanksheni, na chaguo-msingi (kama daraja=3), self ya metodi na paramita za kutajwa kwa jina inazijua. Fanya hivyo fanksheni inaposajiliwa, siyo mzigo ukishafika kwenye mizani. Isiyokubali, ikatae pale pale. Watu wa JavaScript nao wasitegemee length, ile hesabu ya paramita za fanksheni: (kilo, daraja = 3) inasema 1, na ...args haihesabiwi kabisa.

Linalonisumbua khasa ni dekoreta, yaani fanksheni inayoivisha nyengine ganda. Ganda lenye *args tupu (hoja zozote kwa idadi yoyote) hukubali kila kitu, kwa hiyo bind inapita na fanksheni ya ndani inaanguka baadaye. Ukitia functools.wraps, inayolipa ganda utambulisho wa fanksheni ya ndani, signature inasoma ya ndani, hata kama ganda la nje linataka vyengine. Hapo sina jawabu la kuniridhisha. Siku hizi naelemea kupitisha kitu kimoja tu, mzigo, chenye mzigo.kilo na mzigo.daraja, kesho wakitaka unyevu, fanksheni za zamani haziguswi. Ila anayetaka bei(kilo) tu analalamika kuwa nimemzidishia kazi, na sioni kuwa amekosea.