Tomson, histamini na kazi ya maabara

Mtu akila tomson, samaki wa baharini, kwa bukari (ugali), nusu saa baadaye uso ukawaka, kichwa kikagonga, ngozi ikawasha na moyo ukaenda mbio, nyumbani watasema ana aleji ya samaki. Mara nyingi si aleji. Ni histamini, kemikali inayoleta dalili kama za aleji, na ilikuwa ndani ya samaki kabla hajaingia kwenye sufuria.

Nyama ya tomson, kama ya jodari na sadini, ina histidini, kiungo kimoja cha protini, kwa wingi. Samaki akikaa kwenye joto, bakteria wa matumboni na mashavuni huigeuza histidini hiyo kuwa histamini. Na tomson anayefika Lubumbashi ametoka mbali: wengi huvuliwa Atlantiki upande wa Namibia, wakapita Zambia wakiwa wamegandishwa hadi mpakani Kasumbalesa, ndipo wanafika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Wakibaki wameganda barabara nzima, hakuna neno. Tatizo ni katoni iliyoyeyuka mchana wa Oktoba umeme ukiwa umekatika, kisha ikarudishwa kwenye friza. Baridi itawasimamisha bakteria, lakini histamini iliyokwisha kutengenezwa haiendi popote. Kukaanga hakuivunji, kuchemsha vilevile, hata chumvi na moshi haviiondoi. Pua nayo haitoshi: samaki asiyenuka anaweza kuwa nayo nyingi.

Ndiyo maana sisi wa maabara tunapima. Nyama husagwa, tunapima gramu 10, tunaongeza asidi ya trikloroasetiki ili protini zigande zishuke chini, kisha tunachuja na kujaza maji hadi mililita 100. Histamini yenyewe haionekani kirahisi kwenye mashine, kwa hiyo tunaichanganya na kemikali inayoifanya ing'ae chini ya mwanga maalumu. Maji hayo husukumwa kwa shinikizo ndani ya bomba jembamba lililojazwa chembechembe ndogo sana. Kila kitu hutoka kwa wakati wake, na histamini huchora kilele chake kwenye skrini. Tunakilinganisha na vilele vya histamini safi ambayo kiasi chake tunakijua. Mashine ikisema miligramu 15 kwa lita, basi kilo ya samaki ina miligramu 150.

Hiyo 150 ina maana gani? Codex, yaani kanuni za kimataifa za chakula, inahesabu zaidi ya 100 kuwa dalili ya kuoza, na inaweka mpaka wa usalama kwenye 200. Samaki wetu wa mfano hajavuka mpaka wa pili, lakini mimi nisingemnunua.

Samaki mmoja hatoshi kuhukumu katoni, kwa sababu jirani yake anaweza kuwa tofauti kabisa. Hata ndani ya samaki mmoja, nyama ya karibu na tumbo inaweza kuizidi ya mkiani. Ulaya hutaka sampuli 9 kwa kila shehena. Anayeleta samaki mmoja na kuomba cheti cha lori zima tunamrudisha, hata akiudhika.

Kwa tilapia kipimo hiki hakisemi mengi, kwani histidini yake ni ndogo. Huyo tunampima nitrojeni inayotoka nyama ikioza.

Aliyeshikwa na dalili aende kituo cha afya. Dawa za kuzuia histamini husaidia haraka, na akikosa pumzi asingoje. Kikibaki kipande cha samaki yule, kisitupwe. Kifungwe kwenye plastiki, kiingie friza mara moja, kiletwe kikiwa kimeganda. Kikiyeyuka njiani, tutakuwa tunapima joto la teksi pamoja na la soko.