Namba ya zebaki bila urefu wa samaki haina kazi

Karatasi ya maabara ikiandikwa tu "sangara, zebaki 0.3", siwezi kukwambia kama samaki huyo analika. Nauliza kwanza: alikuwa na urefu gani, katoka maji gani, na kipimo ni cha mnofu mbichi au mkavu?

Zebaki ya uchenjuaji wa dhahabu ikifika kwenye tope lisilo na hewa, bakteria huigeuza methilizebaki, aina ya zebaki inayojikusanya mwilini. Samaki huipata kwa chakula na huitoa polepole mno, hivyo huzidi kadiri anavyokua na kadiri anavyokula samaki wenzake. Ukilinganisha sangara wa sm 50 wa mwalo mmoja na wa sm 80 wa mwalo mwingine, umepima umri tu. Mimi huona samaki 15 hadi 20 wa aina moja kwa kila eneo, wa urefu mbalimbali, ndicho kiwango cha chini. Chora zebaki dhidi ya urefu, kisha linganisha maeneo kwa urefu mmoja.

Dar es Salaam ugumu uko kwenye asili. Sato wa kugandishwa anaweza kuwa wa Mwanza, wa kufugwa, au wa kutoka nje ya nchi. Sampuli za sokoni zinaonyesha mlaji anakula nini. Anayefuatilia ziwa au mto aende mwaloni.

Pima urefu na uzito kabla ya kupasua. Kwa kisu kisichoshika kutu, kilichosuuzwa kwa maji yaliyokenekwa, kata gramu 20 za mnofu wa mgongoni, bila ngozi wala mifupa. Weka kwenye chupa ya kioo iliyolowekwa asidi ya nitriki ya asilimia 10 na kusuuzwa vizuri, kisha kwenye deli la barafu, halafu friza ya nyuzi −20. Mfuko mwembamba wa plastiki hapana: mvuke wa zebaki hupenya. Chumba kilichowahi kuvunjikia kipimajoto cha zebaki nacho kikwepe.

Mnofu mbichi ni maji asilimia 75 hadi 80. Mkavu ukisoma 0.9 mg/kg na maji yakiwa asilimia 78, mbichi ni 0.9 × 0.22, yaani takriban 0.2. Nimeona watu wakiishika ile 0.9 na kupiga kelele.

Maabara, kuyeyusha mnofu kwa asidi kufanyike kwenye chombo kilichofungwa. Ukichemsha wazi, zebaki inapaa na jibu linashuka. Kila kundi la sampuli liende na chombo chenye asidi tu bila samaki, na samaki wa rejea, yaani wa kiwango cha zebaki kinachojulikana, kama DORM-4, mwenye takriban 0.41 mg/kg. Akisoma 0.3, rudia kundi zima. Kwa samaki wanaokula samaki wenzao, karibu zebaki yote ya mnofu ni methilizebaki, kwa hiyo kupima jumla kunatosha.

Kwa mlaji, kikomo cha wataalamu wa FAO na WHO ni mikrogramu 1.6 za methilizebaki kwa kila kilo ya mwili kwa wiki. Mama mjamzito wa kilo 60 ana 96. Samaki wa 0.2 mg/kg anazimaliza kwa gramu 480. Kukaanga hakuiondoi, na kwa kuwa maji hupungua, kila gramu hubeba zaidi.

Rufiji ndiko ningeweka nguvu sasa. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, na mabwawa mapya yanajulikana kuongeza methilizebaki kwa miaka kadhaa, kwa sababu mimea na udongo uliofunikwa na maji huwalisha bakteria wale. Anza na samaki wadogo wa mwaka mmoja, ndio wanaoonyesha badiliko mapema, mwezi uleule kila mwaka. Kipande cha pili cha kila samaki kibaki kwenye friza kwa ajili ya kurudia, kikiwa kimepimwa uzito siku ya kukatwa, maana friza hukausha mnofu na namba hupanda yenyewe.